Mvua ni ya Mungu, lakini mufereji ni wa mutu

Vijana wenzangu wa Lweba, Baraka, Mboko na kandokando yote ya ziwa,

Mvua imerudi, na maneno yake yamerudi pamoja nayo. Ukienda kwa jirani wa juu kumuambia kwamba maji ya bati lake yanakula ukuta wa jikoni ya mama, atakujibu: «Hii ni mvua ya Mungu, unataka miye nifanye je? Enda ushitaki Mungu basi.» Watu wanacheka. Wewe unarudi nyumbani na haya, na usiku mvua ikinyesha tena unasikia udongo unamomonyoka polepole nyuma ya kitanda.

Mimi nilisoma sheria. Lisansi ninayo, kazi sina, na mutu asiye na kazi ana wakati wa kusoma vifungu ambavyo wenye kazi wamesahau. Kwa hiyo nataka niseme wazi: lile jibu la mvua ya Mungu halisimame mbele ya sheria ya inchi hii. Ni nusu ya kweli, na nusu ile ingine ndiyo inabomoa nyumba zetu.

Tuanze na namna tunavyokaa. Milima iko upande wa magharibi, ziwa liko mashariki, na katikati kuna kipande chembamba cha udongo ambamo tumejibana sisi, mashamba yetu na barabara ya Uvira–Baraka. Kila tone linaloanguka juu ya mulima lazima lipite kwetu ili lifike ziwani. Zamani lilikuwa na nafasi ya kupita. Tangu 2005, watu walipoanza kurudi kwa wingi kutoka Nyarugusu na kambi zingine za Tanzania, viwanja vilikatwa na kukatwa tena. Mahali ambapo kulikuwa nyumba moja na migomba, leo kuna nyumba nne na vyoo vine. Migomba ilikuwa inakunywa maji. Choo hakikunywe kitu.

Kisha bati. Hakuna anayetaka kurudi kwenye nyasi, hata mimi sitaki. Lakini paa la nyasi linaachia maji polepole, na bati linayatupa yote mara moja. Tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni litre moja ya maji. Nyumba ya meta 8 kwa 10 ina paa la meta za mraba 80. Mvua moja nzuri ya milimita 50, zile zinazotufungia ndani mchana muzima, inaleta litre 4.000 juu ya hilo paa. Hiyo ni bidoni 200 za litre 20. Kama paa lina migongo miwili, upande wako unapokea bidoni 100.

Sasa fikiria jirani anakuja na bidoni 100, moja baada ya ingine, anazimwaga kwenye musingi wa ukuta wako wa matofali mabichi. Nani angesema ni Mungu? Ungemushika mukono kwenye bidoni ya pili.

Sheria ya Kongo inaliona jambo hili hivyo hivyo. Kitabu cha tatu cha kanuni ya sheria za raia, ile amri ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba tendo lolote la mutu linalomuletea mwingine hasara linamulazimisha yule aliyekosa kulipa hasara hiyo. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe: si lazima awe alitaka kukuumiza, inatosha kwamba hakuangalia. Cha 260 kinaongeza vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Amri hiyo ilitoka wakati wa Leopold wa Pili, mutu ambaye hakukanyaga hata siku moja kwenye udongo huu aliouita wake. Lakini iko pale mpaka leo, na siku hii inaweza kutusaidia sisi badala ya yeye.

Kuhusu maji yenyewe, kuna kanuni ya zamani zaidi. Wafaransa waliiandika 1804 katika kifungu cha 640 cha kanuni yao ya sheria za raia, Wabelgiji wakaichukua, na wazo lake limo katika sheria yetu ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, pale inapoongea juu ya mizigo ambayo kiwanja kimoja kinabeba kwa ajili ya kingine. Ina pande mbili, na watu wanapenda kushika upande mumoja tu. Mwenye kukaa chini lazima apokee maji yanayoshuka yenyewe, bila mukono wa mutu. Mwenye kukaa juu asifanye kitu chochote kinachozidisha mzigo wa yule wa chini.

Njo swali la kumuuliza jirani liko hapo: kuna mukono wa mutu, ao hakuna? Kama maji yanateremka kutoka mulimani, yanapita kwake kama yalivyopitia kwa babu yake, yanafika kwako, hapo ana haki. Vumilia, ao mukae pamoja mutafute njia ya kuyapitisha. Lakini kama alisawazisha lupango lote na kutandika simenti, kama alichimba mufereji ambao mudomo wake unaangalia ukuta wako, kama alijenga ukuta ukafunga njia ya zamani ya maji yakatafuta njia mupya kwako, kama aliweka bati bila gutiere na ncha ya bati inavuka mupaka, hapo kuna mukono. Na maji ya kuoga na ya choo, hayo hata tusiyajadili. Hayatoke mbinguni.

Nisiwapendeze tu watu wa chini, juu na sisi tuna ujanja wetu. Kuna anayepanga mifuko ya muchanga usiku, anarudisha maji yote juu ao anayasukuma kwa mujane wa pembeni ambaye hana mutoto wa kiume wa kusimama naye. Sheria ileile inamukatalia. Ukijifanyia boma linalozuia maji ya kawaida, wewe sasa ndiwe mwenye mukono.

Tufike kwenye kitu kinachofunga watu midomo kabisa. Jirani akiona hoja ya Mungu imeanguka, anatoa ya pili: «Weye uko na karatasi ya hii kiwanja? Sertifika iko wapi?» Na mama wa Lweba ananyamaza, juu hana. Karibu hakuna anayenayo huku kwetu. Sheria ya 1973, kifungu cha 53, ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Vifungu vya 387 mpaka 389 vikasema udongo ambao watu wanaukalia kwa desturi nao uko chini ya Serikali, na kwamba haki za hao watu zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Tunaingojea hiyo amri tangu 1973. Baba zetu waliingojea, wengine wamekufa.

Lakini soma tena kifungu cha 258. Kinauliza nani amepata hasara, na kwa kosa la nani. Hakiulize udongo ni wa nani. Ukuta uliujenga kwa matofali yako, mihogo uliipanda wewe, mufuko wa simenti uliolowa ulitoka kwenye mufuko wako. Hata mutu anayepanga nyumba anaweza kudai kitanda chake na unga wake. Sertifika ni ya lazima kama munagombana nani mwenye kiwanja. Kama munagombana nani aliangusha ukuta, ushahidi wa ukuta unatosha. Ninasikia hii hoja ya karatasi kila mahali, mpaka kwa watu waliosoma, na kila mara inanikasirisha, kwa sababu inafanya ukosefu wa Serikali uwe fimbo mukononi mwa jirani mwenye nguvu.

Hapo mutu ananiuliza: sasa nifanye nini? Kitu cha kwanza ni kuacha kupiga kelele kwenye lupango na kuanza kukamata ushahidi. Kifungu cha 197 kinasema anayedai ndiye anayethibitisha. Sheria inakupa wakati murefu sana, miaka 30 kwa kifungu cha 647, lakini maji hayakupe hata wiki. Jua likiwaka siku tatu, alama ya maji ukutani inafutika, mufereji unajazwa usiku, na jirani anasema hakuna kitu kilichopita pale. Basi mvua ikinyesha, toa telefone. Piga picha wakati maji yanatoka kwake na kuingia kwako, zote mbili katika picha moja kama inawezekana. Weka mutoto ao fimbo karibu ya ukuta ili urefu uonekane. Ita majirani wawili wasio ndugu zako waje waone kwa macho, hata kama watalowa. Andika tarehe na saa. Andika na bei: matofali mangapi, mafundi wangapi, siku ngapi.

Halafu shefu. Shefu wa kijiji si tribinali, lakini usimuruke. Umuombe aje mahali penyewe, si mukae kwenye veranda yake munaeleza na mikono. Aone, na kisha aandike PV: ameona nini, siku gani, nani walikuwepo. Hiyo karatasi moja ina nguvu kuliko vilio vya miaka mitano. Wazee wa Kibembe wana lubunga, na mimi sicheke lubunga kama wasomi wengine wanavyofanya. Ni pahali ambapo jirani anaona haya, na haya inachimba mufereji haraka kuliko hukumu. Utakaa na huyo mutu miaka 40. Watoto wenu watachota maji pamoja. Kama lubunga inaweza kumaliza, imalize.

Lakini imalize kwa maandishi. Kosa la mapatano yetu ni kwamba yanaishia na mikono kushikana na mutungi wa kasiksi, kisha mvua ya pili inakuta hakuna aliyechimba kitu. Karatasi iseme: nani atachimba, mufereji utapita wapi mpaka wapi, nani atanunua gutiere, tarehe gani kazi itakuwa imeisha, ukuta utalipwa pesa ngapi na kwa awamu ngapi. Sahihi za wote wawili, mashahidi, na shefu. Hapo hata ukienda mbele baadaye, hauanze sifuri.

Shefu hana ruhusa ya kufunga mutu, wala ya kudai kuku na kreti ya bia mbele ya kusikiliza. Vilevile polisi. Wengi wetu tunakimbilia OPJ juu tunataka jirani aogope. OPJ anashugulikia makosa ya jinai, na ukuta ulioliwa na bati lisilo na gutiere ni shauri la kiraia. Ukimulipa amufunge jirani, kesho jirani atamulipa zaidi akufunge wewe, na pesa ya kujenga ukuta imekwisha kwa wote wawili. Ni tofauti kama mutu alikuja makusudi na jembe akabomoa nyumba yako ao boma lako la maji. Hilo kanuni ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 inaliadhibu. Hata hapo, kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kukaa cacho ya polisi kusipite saa 48.

Na kuna njia ingine, ambayo kila mutu wa Fizi anaijua na hakuna anayetaka kuiandika. Mutu ana shemeji mwenye bunduki. Anamuambia, shemeji anakuja jioni na wenzake wawili, na asubuhi mufereji umefungwa. Inaonekana ni haraka na bure. Si bure. Yule aliyefunga mufereji leo atarudi kuomba mbuzi mwezi ujao, na siku jirani naye akipata shemeji wake, hatutaongea tena juu ya maji. Katika teritware ambapo ugomvi mudogo unaweza kupewa jina la kabila kwa siku moja, kupeleka shauri la bati kwa mwenye silaha ni kumwaga petroli jikoni. Naomba tukatae hii njia bila «lakini».

Inabaki tribinali ya amani, na watu wanaiogopa kwa sababu hawaijue. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya tribinali inaipa mashauri ya udongo yanayoongozwa na desturi, ya mutu mumoja ao ya kundi, na mashauri mengine ambayo bei yake haipite faranga za Kongo 2.500.000. Ukuta wa jikoni, choo kilichozama, shamba la mihogo, mengi yanaenea humo. Ikipita hapo, unaenda tribinali kubwa. Unaweza kusimama wewe mwenyewe bila avoka. Karani atamupelekea jirani karatasi ya kumuita, na kanuni ya tarehe 7 Machi 1960 inamupa siku nane za kujitayarisha, zaidi kidogo kama anakaa mbali. Pesa za kufungua shauri zinaombwa, ndiyo, lakini mutu masikini anaweza kuomba asamehewe hizo pesa kama anathibitisha umasikini wake. Omba vitu viwili, watu wengi wanaomba kimoja tu: alipe hasara ya jana, na aondoe kinacholeta hasara ya kesho. Ukilipwa ukuta na mufereji ukabaki vilevile, umejenga ukuta kwa ajili ya mvua ijayo.

Najua munachosema. Tribinali iko mbali, barabara mbaya, vita, barriere kila kona. Ni kweli, na hapa ndipo madai yetu yanapaswa kuwa makali. Sheria ya 2013 inaruhusu tribinali kutoka na kukaa mahali watu walipo. Hapa kwetu tuliona: mwezi wa Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka kuhukumu waliowatenda wanawake wa Fizi ule uovu wa usiku wa Mwaka Mupya, na luteni kanali alipewa miaka 20. Silinganishe maumivu yale na ukuta wa udongo. Nasema tu kwamba waamuzi walipotaka kufika, walifika. Siku mbili kwa mwaka Lweba, katika musimu wa mvua, tribinali ya amani ikae chini ya muembe, isikilize maji na mipaka. Mashauri mangapi yangekufa kabla ya kuwa vita?

Tusisahau pia kwamba mara ingine jirani wa juu ni Serikali. Barabara inajengwa, kalvati inawekwa, maji ya kilometa nzima yanakusanywa na kutupwa katikati ya nyumba tatu, hakuna kanivo ya kuyapeleka ziwani. Huko chini nako ziwa lenyewe lilipanda 2024 likaingia nyumbani. Tulizika watu Uvira mwezi wa Aprili 2020, Kalehe ilizika zaidi ya 400 mwezi wa Mei 2023, na mwezi wa Mei 2025 Kasaba, hapa hapa Fizi, zaidi ya watu 60 walikufa usiku mumoja. Maji ya namna hiyo hayangoje tribinali, na hakuna jirani wa kuita. Lakini maji madogo yanayokula ukuta na maji makubwa yanayobeba kijiji yanapita njia moja: kanivo ambayo haikuchimbwa, muto ambao kingo zake zilikatwa viwanja, na mutu aliyeweka sahihi ili ziuzwe.

Kwa hiyo barua ya pamoja iende kwa shefu wa sekta, kopi kwa administrateur wa teritware, na picha ndani, na majina ya nyumba zilizoguswa. Idai kanivo kutoka barabarani mpaka ziwani. Na anayeipokea aweke muhuri na tarehe kwenye kopi yetu. Bila muhuri, barua haikufika.

Wengine wataniambia tufanye salongo, vijana tushike majembe, tuache karatasi. Nitakuja na jembe langu, njia ya maji ya wote ni kazi ya wote. Lakini sitakuja kuchimbia mutu mufereji ambao alipaswa kuchimba yeye, kisha aseme vijana wamemaliza shauri. Salongo ya bure kwa tajiri mwenye bati la meta 20 ni kazi ya utumwa na nyimbo juu yake.

Mwenye shauri la namna hii Lweba, asiyejua kuandika ao anayeogopa kuandika, anitafute. Nitaandika bure, PV, mapatano, ao barua ya kwenda tribinali. Leta karatasi tatu: moja ya jirani, moja ya shefu, moja yako. Ile yako uifunge ndani ya plastiki, uiweke juu ya dari.